Chuma Laini kwa Jiwe Gumu

Siku ile mliponiaga karakanani, mkanipa doti mbili za khanga na ile redio, mmoja wenu aliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri. "Mama Salome," alisema, "lile neno lililochongwa kwenye kizingiti cha chumba cha mashine, nani alilichonga? Na kwa nini herufi N imegeuka nyuma mbele?" Nikamwambia ni habari ndefu na soda zinapata moto. Sasa soda zimekwisha, niko nyumbani Mungaa, na wanaonisikiliza siku hizi ni kuku. Kuku hawaulizi maswali. Kwa hiyo nimetafuta daftari, nimevaa miwani, nawaandikia ninyi.

Habari za vyeo sitaziandika. Nilivyopata mnavijua, na nilivyokosa mnavijua zaidi. Nitaandika juu ya msumeno, juu ya mzee mmoja, na juu ya kosa nililolifanya kwa kalamu nikiwa na akili zangu zote timamu.

Niliajiriwa kwa sababu ya punda. Kijiji kilikuwa kipya, watu tumetolewa huko tulikotawanyika tukapangwa kwa mistari kando ya barabara, na wakubwa wa mkoa wakaona kwamba mahali penye mawe mengi kiasi kile panafaa kuwa na karakana ya mawe. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na mwandiko wangu ulikuwa wa kutazamwa, jamani. Hakuna aliyeuliza mwandiko. Waliuliza kama nyumbani kuna punda wa kubeba maji kutoka lamboni. Nikasema wapo wawili. Nikaambiwa nianze Jumatatu.

Jumatatu hiyo nikamkuta fundi mkuu, Mzee Msengi, Mnyiramba wa Shelui, mrefu, mkavu, kidole chake kimoja hakina kucha. Alikuwa amechonga mawe ya madaraja tangu enzi za Mwingereza. Hakujua kusoma wala kuandika hata jina lake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa maji?"

"Ndiyo, mzee."

"Mnyaturu?"

"Ndiyo."

"Haya. Punda nimewaona, wana akili. Wewe tutakuangalia kwanza."

Wanyiramba na sisi tunataniana, kwa hiyo sikunyamaza. Nikamwambia punda wenyewe wamekubali kuja kwa sababu hawakuambiwa kwamba watamkuta Mnyiramba. Alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo alinifundisha kazi bila kuombwa, na alinitania kila asubuhi kabla ya kugusa nyundo.

Wakati huo jiwe lilipasuliwa kwa mkono. Unatoboa matundu kwa patasi, moja baada ya jingine kwa mstari ulionyooka, unapachika kabari za chuma, kisha unazigonga kwa zamu, hii kidogo, ile kidogo. Mzee Msengi alikuwa anaweka sikio kwenye jiwe na kusikiliza mlio. Ukibadilika, anainua mkono tuache kugonga, tunakaa, tunakunywa uji. Tukirudi jiwe limepasuka lenyewe. Kipande cha ukubwa wa meza kilituchukua siku tatu.

Ndipo mashine ikaja, kwenye lori, imefungwa kwa magunia. Injini ya dizeli, meza ya chuma ya kutembea kwenye reli, na sahani. Sahani ndilo jina tuliloupa msumeno, maana ni duara kama sahani, tena pana kuliko ungo. Pamoja nayo alikuja fundi Mzungu wa kukaa wiki tatu, mtu mwekundu, mpole, mwenye Kiswahili cha kuunga unga. Siku ya kwanza akasema kwamba meno ya sahani hii yana almasi.

Mama yangu! Asingesema. Jioni haijafika, watu wa kijiji cha Ihanja walikuwa wameshafika kuangalia almasi. Wote tulikuwa tumesikia habari za machimbo ya upande wa Shinyanga, tukijua almasi ni kitu cha kumetameta, kitu cha malkia. Sasa wanaoneshwa meno ya rangi ya kijivu, yamefifia kama sufuria ya zamani. Bibi mmoja alilamba jino moja ili ahakikishe. Akatema, akasema, "Hii ni bati," akaenda zake. Katibu wa kijiji yeye hakutaka mchezo. Aliagiza sahani ifungwe ndani ya sanduku kila jioni, ufunguo ukae kwa Mzee Msengi peke yake.

Mzungu alitueleza vizuri, na haya yasikilizeni, maana mnayauza mawe bila kujua mnachokatia. Almasi zenyewe ni chembe ndogo kama mchanga, zinatengenezwa kiwandani, si za pete. Zinachanganywa na unga wa madini: kobalti, shaba, bati, wakati mwingine chuma. Mchanganyiko unashindiliwa kwenye kalibu na kuchomwa kwa moto mkali mpaka unashikana ukawa jino. Jino linaunganishwa kwenye sahani ya chuma cha pua kwa kuchomelewa na fedha, fedha hii hii ya bangili. Kati ya jino na jino kuna nafasi ya kupitisha maji na tope.

"Kwa hiyo," Mzee Msengi akauliza, "almasi ni chumvi ya mawe, na huo unga mwingine ni ugali?"

Mzungu alifikiri kidogo, akacheka, akasema ndiyo, ugali. Basi neno likabaki. Mpaka leo mnasema "ugali wa jino" na hamjui lilitoka wapi.

Kisha akasema jambo la ajabu. Alisema jiwe gumu linataka ugali laini, na jiwe laini la mchanga linataka ugali mgumu, ule uliotiwa madini magumu ya tangsteni. Sababu ni hii: chembe ya almasi inapokata itale, hili jiwe letu gumu, inachoka, inakuwa butu. Ugali ukiwa laini, unalika, ile chembe butu inadondoka, na iliyo nyuma yake inatokeza ikiwa kali. Ugali ukiwa mgumu, hauliki. Chembe butu zinabaki pale pale, jino linateleza kama kioo, na msumeno unasugua tu.

Mimi nilikuwa nimesimama na debe la maji, nikasikia kwa sikio moja. Moyoni nikasema huyu Kiswahili kimempindukia. Ugali laini? Kwetu ugali wa uwele ukiwa laini, mpishi anaulizwa kama anaumwa. Nikajua alitaka kusema mgumu, akachanganya maneno.

Sahani ya kwanza ilikata mawe mazuri kupita maelezo. Kazi ya siku tatu ikawa ya saa mbili. Mimi nikapandishwa kutoka kwa punda hadi kwenye bomba, nikawa nashika maji yasikatike. Na niwaambie, maji yale si ya kupoza sahani tu. Yanalaza vumbi, na vumbi la itale likiingia kifuani halitoki. Ninyi mnaokata makavu ili muwahi mpira, nawaona.

Meno ya sahani ya kwanza yalipobaki membamba kama kucha, ikabidi tuagize nyingine. Kulikuwa na karatasi ya kujaza, na hapo ndipo mtu alipokumbuka kwamba mimi nina mwandiko. Nikakaa kwenye gogo, karatasi mapajani, kaboni chini yake. Mzee Msengi alisimama akitaja: upana wa sahani, tundu la katikati, idadi ya meno. Nikafika kwenye mstari wa ugali, ulioandikwa "kiungio".

"Andika laini," alisema.

"Laini, mzee? Kwa mawe haya?"

"Andika laini kwenye hiyo balua, binti. Mzungu alisema."

Alisema "balua" kama wanavyosema wao. Nami nikajiambia, mzee hajui kusoma, amekariri alichosikia, na alichosikia kilikosewa. Huko kiwandani watakaposoma watatucheka, watasema watu wa Singida hawayajui hata mawe yao. Nikaandika kwa herufi kubwa: KIGUMU SANA. Nikapigia na mstari chini yake.

Kawaida yetu ilikuwa nikimaliza namsomea yote kwa sauti, ndipo anaweka dole gumba. Siku ile nilisoma upana, nikasoma tundu, nikasoma meno. Mstari ule nikauruka. Akachovya kidole kwenye wino, akaweka. Aliniamini, basi.

Sahani mpya ilikuja baada ya miezi mingi, wakati kijiji kinajenga zahanati na sisi tunatakiwa kukata mawe ya sakafu. Jiwe la kwanza lilikatika. La pili likachukua asubuhi nzima. La tatu, cheche nyekundu, harufu ya kuungua, na alama ndogo tu kwenye jiwe kama mtu amepitisha ukucha. Mzee alizima injini, akapapasa meno. Yalikuwa yanateleza. Yanang'aa kama kigae cha chooni.

Katibu alikuja mbio. Ndugu Katibu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kushuku, na enzi zile kushuku ilikuwa sehemu ya kazi yake. Alipapasa jino moja, akapapasa la pili, akageuka.

"Ndugu Msengi, almasi ziko wapi?"

"Zimo ndani, Ndugu Katibu."

"Sahani ya kwanza ilikuwa inakwaruza mkono. Hii ni laini kabisa. Sanduku lina ufunguo mmoja, na ufunguo uko kwako. Nauliza tena, almasi za wananchi ziko wapi?"

"Wametuletea ugali mgumu," Mzee Msengi akasema. "Mimi niliagiza laini. Waliokosea ni wao huko. Kama huamini, nakala ya barua ipo kwenye faili lako. Isome mbele ya watu wote."

Nilikuwa nimeshika bomba, maji yananimwagikia miguuni, wala sikuyasikia. Katibu alikubali. Jumamosi asubuhi utakuwepo mkutano hapo hapo karakanani, faili litafunguliwa, na kama barua haisemi alivyodai, Ndugu Msengi atapelekwa polisi Singida mjini kwa wizi wa mali ya umma. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa sikula. Mzee alikuja kazini kama kawaida, akakaa akinoa patasi zake za zamani. Akanitania kwamba nimenuna kwa sababu punda wamepata cheo kunipita. Nilitaka kusema, nikaishia kwenda kukunja bomba. Yeye alikuwa na amani kabisa, kwa sababu ya karatasi niliyoiandika mimi, na hilo ndilo lililonichoma. Niliona aibu mpaka nikatamani kuugua.

Nikaenda chumbani kwangu, nyuma ya karakana, nichemshe chai. Jiko langu lilikuwa la matofali ya kuchoma, na tofali moja lilikuwa nusu, limekatwa likanyooka sana. Nililitazama lile tofali mpaka chai ikamwagika.

Maana tofali lile nililikata mwenyewe, na msumeno wa umma, siku mzee alipokwenda msikitini. Ni siku ile ile ya jiwe la pili, lile la kututesa asubuhi nzima. Nikakumbuka kwamba mchana wake, mzee aliporudi, sahani ilikata kipande kilichobaki kwa upesi wa kushangaza, wote tukasema labda dizeli imebadilika. Haikuwa dizeli. Tofali la kwetu lina mchanga mwingi, ni laini, linasaga. Lilikuwa limekula ule ugali mgumu na kuzifunua almasi. Mzungu alikuwa anajua Kiswahili vizuri kuliko nilivyodhani.

Jumamosi uwanja ulijaa. Wajumbe wa kamati kwenye benchi, mgambo wawili na virungu vyao, wanawake wenzangu wa zamu ya maji, mpaka yule bibi aliyelamba jino. Katibu alikuwa na suti yake ya mikono mifupi na faili kwapani. Alipolishika tu alifungue, nikanyoosha mkono kama niko shuleni.

"Ndugu Katibu, kabla hujafungua."

"Subiri zamu yako, Ndugu Salome."

"Zamu yangu ni sasa. Barua hiyo inasema kigumu sana. Nimeiandika mimi. Mzee alisema laini, mimi nikaandika kigumu, na nilipomsomea nikauruka mstari. Nilijiona najua kumzidi. Yeye hana kosa hata chembe."

Katibu akafungua faili, akasoma kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akaniangalia.

"Umepigia na mstari chini yake," alisema.

"Ndiyo, Ndugu."

"Haya. Barua nimeielewa. Lakini almasi bado sijaziona. Mnaweza kuwa mmeshirikiana."

Nilikuwa nimeshaingia majini. "Kuna kosa jingine," nikasema. "Nilikata tofali la jiko langu kwa mashine ya wananchi." Nikalitoa kwenye khanga, lile nusu tofali, lina masizi upande mmoja. Watu wakacheka, na mjumbe mmoja akauliza kama nina kosa la tatu au tuendelee. Nikawaeleza kuhusu ile siku ya jiwe la pili. Nikamwomba Mzee Msengi awashe mashine akate tofali zima mbele yao.

Katibu akashika kichwa. "Unataka kukata udongo kwa almasi?"

Mzee Msengi alinitazama, uso haujulikani kama amekasirika au la. Kisha akasema, "Leta tofali. Leta matatu. Na maji yawe kidogo."

Sahani ikapita kwenye tofali la kwanza, la pili, la tatu, tope jekundu likaruka hadi kwenye suti ya Katibu. Mzee akazima, akasubiri sahani isimame kabisa, akamshika Katibu mkono na kuuweka kwenye jino.

"Papasa."

Katibu alipapasa, akatoa mkono haraka. "Inakwaruza! Kama ulimi wa ng'ombe!"

"Hizo ndizo almasi za wananchi," Mzee akasema. "Sasa ondokeni kwenye reli."

Tukaweka jiwe la tatu, lile lililotushinda. Sahani ikaingia, sauti ikawa ile ya zamani, nzito, ya kukata. Jiwe likagawanyika vipande viwili na yule bibi akapiga kigelegele. Mgambo mmoja akaambiwa alete matofali zaidi, akaweka kirungu chini akaenda.

Sahani ile tuliitumia mpaka ikaisha. Kila baada ya mawe mawili, tofali moja. Sakafu ya zahanati mnayoikanyaga leo ilikatwa hivyo. Adhabu yangu kwa kosa la jiko ilikuwa kufyatua matofali ya karakana kwa msimu mzima, na kwa kuwa matofali ndiyo yaliyokuwa yananoa sahani, nilijikuta mtu muhimu kuliko nilivyokuwa kabla ya kukosa. Katibu hakulifurahia jambo hilo.

Lakini Mzee Msengi alikuwa hanitanii. Siku ya kwanza, salamu tu. Siku ya pili, salamu tu. Mnyaturu anajua, Mnyiramba akikuacha bila utani, kuna kitu kimevunjika. Siku ya tatu nikamfuata pale anaponolea patasi, nikamwambia, "Mzee, nisamehe. Nilikudharau kwa sababu hujui kusoma."

"Najua," alisema. Akaendelea kunoa. Halafu akatoa kwenye mfuko wa koti kitabu kidogo cha elimu ya watu wazima, kipya, bado kinanukia wino. "Nimepewa hiki. Darasa ni la jioni na macho yangu jioni hayaoni. Utanifundisha hapa, saa ya uji. Na ukiruka mstari, nakurudisha kwa punda."

Nikacheka na machozi yakanitoka, vyote pamoja. Tulianza siku hiyo hiyo. Alikuwa mwanafunzi mbishi. Alitaka kujua kwa nini A ina kamba katikati, na alikataa kabisa kwamba Q ni herufi. Baada ya wiki kadhaa akasema sasa anataka neno moja, alijue lote, mwanzo hadi mwisho. Nilidhani atataka jina lake. Hakutaka jina lake.

Alilichonga mwenyewe kwenye kizingiti, jiwe gumu kuliko yote tuliyowahi kukata, kwa patasi na nyundo, bila mashine. Ilimchukua siku nne. Alipofika kwenye N akaigeuza, nami nilipomwonesha akasema kwenye jiwe hakuna kufuta, na anayejua kusoma ataelewa. Siku ya nne akafagia vumbi kwa kiganja, akaniita mbele ya mafundi wote.

"Soma," alisema. "Kwa sauti. Usiruke."

Nikasoma: "Laini."

"Ndivyo nilivyosema," akasema Mzee Msengi, akaenda kunywa uji wake.